Simbilisi na joto la Oktoba: ubongo unafanya nini?

Vijana wenzangu wa Nachingwea na Ruangwa, Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashika, ndipo simu zinapoanza: "Afisa, asubuhi walikuwa wazima, mchana wamekufa watatu." Wengi wanadhani ni ugonjwa. Mara nyingi ni joto.

Simbilisi yuko kundi moja na panya. Mwili wake unatakiwa ubaki kwenye nyuzi joto 38 hadi 39 hivi. Msimamizi ni sehemu ndogo chini ya ubongo, haipothalamasi. Inapokea taarifa kutoka kwenye ngozi na damu, halafu inatuma amri kupitia mishipa ya fahamu.

Kukiwa na baridi, mishipa hiyo inatoa kemikali iitwayo noradrenalini. Mishipa ya damu ya masikio na miguu inasinyaa ili joto lisipotee, na mafuta ya kahawia yaliyomo mwilini yanachomwa. Vitoto huzaliwa na mafuta hayo, ndiyo maana vinahimili baridi ya Julai ukiviwekea nyasi kavu za kulalia.

Kwenye joto ndiko kuna shida. Amri ile inapunguzwa, mishipa ya masikio inatanuka kutoa joto. Lakini simbilisi hapozwi na jasho kama sisi, wala hana mkia wa kupozea mwili kama panya. Banda likipita nyuzi 30 ni hatari, hasa kwa mwenye mimba.

Tofautisha haya mawili:

1. Amejinyoosha, anahema haraka, mate yanatoka: ni joto. Mpeleke kivulini, mpe maji, mlowanishe masikio na miguu kwa maji ya kawaida, si ya barafu.

2. Amejikunyata, manyoya yamesimama, wakati wenzake wamejinyoosha: shuku homa. Mwili ukipambana na maambukizi, kemikali ziitwazo prostaglandini zinaufanya ubongo upandishe kiwango cha joto, kwa hiyo anasikia baridi hata jua likiwaka. Mtenge, muite mtaalamu wa mifugo. Usimchome penisilini kwa kubahatisha, inaweza kumuua.

Kuhusu banda: funika bati kwa nyasi, lijenge chini ya mkorosho au mwembe, nusu ya juu ya ukuta iwe wavu, na usiwabananishe. Majani mabichi wape mengi asubuhi mapema na jioni. Maji safi yawepo muda wote.

Fanya kazi hii Agosti. Korosho zikianza kudondoka, muda wa banda huupati tena.