Nguvu ya Gongo Iko Kiunoni

Mtazame kijana wa Mishamo anayepasua kuni. Anapanga miguu, anavuta pumzi, tumbo linakaza, kiuno kinageuka, ndipo shoka linashuka. Mikono ndiyo inayomalizia kazi iliyoanzia kwenye nyayo. Kocha wa besiboli akipita hapo, nadhani atasimama.

Mkoa wa Katavi, iliko Mishamo, hauna mazoea na mchezo huo. Mpira kwetu ni soka. Lakini Tanzania inao tangu 2012, ulipoletwa na Mjapani Shinya Tomonari, wakati huo ofisa wa JICA, shirika la misaada la Japani, jijini Dar es Salaam. Mashindano yetu ya kitaifa yameazima jina la Koshien, uwanja ambako sekondari za Japani hupambana kila kiangazi, na tangu 2018 upo uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari Azania. Uganda wametutangulia. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League kule Marekani, na miaka kumi baadaye klabu ya Marekani ya Los Angeles Dodgers ikawasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male.

Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kituo cha mpigaji. Mpira ukienda kilomita 130 kwa saa, unafika kwa nusu sekunde hivi. Ndani ya muda huo mguu unasukuma ardhi, nyonga zinageuka, kifua kinafuata, kisha mabega, kisha mikono. Katikati ya msafara huo ipo misuli ya tumbo, mbavu na mgongo. Ikiwa dhaifu, mpigaji anafanana na baiskeli yenye mnyororo uliolegea: anakanyaga kwa bidii, gurudumu halina habari.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Paul Hodges na Carolyn Richardson, walionyesha kuwa kwa mtu asiye na maumivu ya mgongo, msuli wa ndani kabisa wa tumbo hukaza kabla mguu haujainuka. Mwili unafunga mzigo kwanza, safari baadaye. Kisha 2007 David Szymanski na wenzake wakachapisha utafiti juu ya wachezaji wa sekondari nchini Marekani. Wote walinyanyua vyuma kwa wiki 12, ila kundi moja liliongezewa kurusha mipira mizito kwa kuzungusha kiwiliwili. Kundi hilo lilipata nguvu zaidi ya kujizungusha. Kwa hiyo kulala kifudifudi ukijishikilia kwa viwiko, zoezi ambalo vijana wanapenda kujipiga nalo picha, ni mwanzo tu. Gongo, fimbo ya mpigaji, linataka mwili unaojua kukaza na kugeuka kwa pamoja.

Hapo ndipo ninapoitazama Mishamo kwa jicho jingine. Makazi haya yalifunguliwa 1978 kwa wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972, na waliyafyeka wenyewe kutoka kwenye miombo. Wengi wao leo ni raia wa Tanzania. Ukoo wa jembe na shoka, basi. Ila jembe linaukunja mgongo mbele siku nzima na kuuchosha. Shoka ndilo lililo karibu na gongo. Na iko ngoma ya kifalme ya Burundi, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu: wapigaji huingia uwanjani ngoma zikiwa vichwani, huku wakizipiga. Nani atawafundisha hao kutuliza kiwiliwili?

Vifaa si kikwazo. Mpira wa soka uliochakaa ukijazwa mchanga hadi kilo mbili unatosha. Simama ubavu kwa mwenzako, geuza nyonga kwanza, umrushie. Kisha badili upande, maana mpigaji anayezunguka upande mmoja tu hujenga mwili wa kombo. Piga magoti, weka viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto bila kiuno kuyumba. Ni zoezi la kuchekesha mpaka ulifanye. Tahadhari moja: mfupa wa sehemu ya chini ya mgongo wa kijana anayekua unaweza kupata ufa kwa kujipinda mno. Maumivu yanayorudi kila akipiga ni ya kupeleka kwa daktari, si ya kusugua mafuta.

Hata hivyo gogo linamsubiri mwenye shoka, mpira haumsubiri mtu. Jicho nalo linahitaji darasa lake. Watoto wa Jamhuri ya Dominika, nchi iliyojaza ligi za Marekani wachezaji, hurushiana vizibo vya chupa na kuvipiga kwa mpini wa fagio. Mishamo mahindi yakishapukuchuliwa, magunzi hubaki rundo nyuma ya nyumba. Kijana ayavunje vipande vidogo, mdogo wake arushe, yeye ashike mpini wa jembe.