Lita moja ni chupa gani?

Siku ya kupima watoto kilo, muuguzi anasimama mbele ya mabenchi na kueleza namna ya kuchanganya SRO. Sisi wote tunaitika ndiyo. Kisha usiku mtoto anaharisha, pakiti iko mkononi, na mama anajiuliza: lita moja ni chupa gani?

Swali hilo si dogo. Pakiti imepimwa kwa lita moja kamili. Ukiimwaga katika chupa ya nusu lita, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto. Ukiimwaga katika bidoni, dawa inakuwa maji tu. Basi chukua chupa ya nusu lita, ijaze mara mbili, mimina katika chombo safi, ndipo utie pakiti nzima. Maji ya Lualaba au ya kisima yachemshwe na kupozwa kwanza. Ukishachanganya usichemshe tena, na kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Bangladesh, toka 1980 hadi 1990, shirika la BRAC lilituma wanawake kufundisha nyumba kwa nyumba, nyumba kama milioni 12. Kila mama alichanganya mwenyewe, kwa chumvi ya jikoni mwake. Baadaye mtu mwingine alipita kumuuliza, na mwalimu alilipwa kwa kadiri mama alivyokumbuka. Mpango huo naupenda sana! Mabenchi yetu yangenyamaza kidogo.

Na hapa kwetu, iwe Kasuku, Mikelenge au Alunguli, mama akienda shamba au soko, anayebaki na mdogo ni dada wa miaka 9 au 10. Huyo hakai kwenye benchi la kilo. Mfundishe yeye pia: kijiko kwa kijiko, polepole, mtoto akitapika, ngoja dakika 10, anza tena. Ziwa liendelee. Zinki, muuguzi akiitoa, imezwe siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekwisha.

Macho yakizama, mtoto akilegea au akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, aende kituo cha afya mara moja. Choo kikiwa kama maji ya mchele, hiyo inaweza kuwa kolera: msingoje asubuhi, na mnyweshe njiani.

Mkutano ujao wa kikundi, kila mama aje na chupa ya nusu lita na huyo binti anayelea. Atakayechanganya ni yeye, sisi tutazame.