Nuru ya Tiba Haimfai Aliyechelewa

Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga, kama mwenzake wa Unguja na Pemba, ajua kwamba taa peke yake haivui. Taa huwaita dagaa, wavu huwakamata. Kikosekana kimoja, chombo hurudi kitupu. Tiba ya saratani kwa mwanga ina kanuni kama hiyo, nasi twaona yafaa wananchi na viongozi waielewe.

Mwaka 1900, huko Munich, Ujerumani, mwanafunzi Oscar Raab na mwalimu wake Hermann von Tappeiner walitambua kwamba vijidudu vilivyotiwa rangi ya akridini vilikufa upesi penye mwanga kuliko gizani. Katika tiba ya leo, mgonjwa hupewa dawa iliyolala. Ikishakusanyika katika uvimbe, daktari huumulika, aghalabu kwa mwanga mwekundu. Dawa huamka na kuigeuza oksijeni ya mwilini kuwa sumu. Sumu hiyo hudumu kitambo kidogo mno, hata haiwezi kuvuka seli moja. Ndiyo maana wataalamu hutafuta dawa itakayokaa mahali maalumu ndani ya seli. Ikikaa katika mitokondria, yaani jiko la nguvu za seli, seli yenye ugonjwa hujiua yenyewe.

Lakini mwanga huo hauzami mwilini zaidi ya sentimita moja hivi. Huwafaa hasa wenye uvimbe mdogo, ulio karibu na uso wa ngozi au wa utando wa ndani. Kwa maneno mengine, hata elimu hii kubwa yamtaka mgonjwa awahi.

Hapo ndipo penye wajibu wetu. Kutoka Kigoma hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Na mtu wa Kalya au Kagunga huenda akawa na safari ya ziwani kwanza. Basi viongozi wahakikishe upimaji wa saratani ya mlango wa kizazi unafika mialoni. Chanjo ya wasichana, iliyoanza nchini kote mwaka 2018, isimpite binti yeyote anayestahili. Ndugu zetu wenye ualbino wapate kofia pana na mafuta ya kukinga jua.

Nasi wananchi tusifiche kidonda kisichopona. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu hujengwa kwa roho za watu.