Kusogeza Umbo Bila Kuliumba Upya

Matplotlib ni maktaba ya programu, yaani mkusanyiko wa misimbo iliyokwisha kuandikwa ili watumiaji wa lugha ya Python wachore grafu bila kuanzia mwanzo. Ilianzishwa na John D. Hunter, mtafiti wa neva wa Marekani aliyetaka kuona kwa michoro umeme wa ubongo wa wagonjwa wa kifafa, na ikatolewa kwa umma mwaka 2003. Wengi huijua kwa grafu zilizotulia, ilhali inaweza pia kuonyesha maumbo yanayojongea, kama vile sayari inayolizunguka jua.

Mwendo huo hujengwa kwa fremu, yaani picha tuli zinazofuatana upesi hata jicho lisiweze kuzitenganisha. Zana ya Matplotlib iitwayo FuncAnimation ndiyo huzipanga, kwa kuita kila baada ya muda maalumu kitendakazi, ambacho ni fungu la maagizo lililopewa jina, ili kibadilishe mchoro. Hapo ndipo wanaoanza hukwama, kwa kuwa huagiza umbo jipya, tuseme duara, liongezwe katika kila fremu, na lile la zamani, ambalo halijifuti lenyewe, hubaki palepale. Muda kati ya fremu ukiwa milisekunde 50, dakika moja hurundika maduara 1,200, na kwa kuwa kompyuta hulazimika kuyachora yote tena na tena, mwendo huzidi kuwa mzito kadiri muda unavyokwenda.

Njia iliyo bora, tena nyepesi kuieleza, ni kuliumba duara mara moja tu kabla ya mwendo kuanza, kisha kuliagiza lihamie mahali papya: duara huhamishwa kitovu chake kwa set_center, mstatili kona yake kwa set_xy, na mstari hupewa nukta mpya kwa set_data. Anayetaka kasi zaidi huweka blit=True katika FuncAnimation, ili kilichobadilika tu ndicho kichorwe upya juu ya usuli uliohifadhiwa, mradi kitendakazi kirudishe orodha ya maumbo yaliyoguswa.

Mwandishi wa programu asisahau kuihifadhi FuncAnimation yenyewe katika kigeu, yaani jina linaloishikilia, kwani Python huondoa kwenye kumbukumbu kila kisichoshikiliwa na chochote, na umbo husimama bila kusogea.