Ufahamu na Ufupisho: Blanketi la Farasi, Bandani na Nje

Soma kifungu hiki kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Huenda hujawahi kumgusa farasi, lakini ukifika Kilimanjaro Magharibi, wilayani Siha, unaweza kuwaona wakiwa wamepandwa na watalii. Kila jioni mtunzaji wao hujiuliza: nimvishe blanketi au nimwache? Akikosea, mnyama anaweza kuugua. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza blanketi lipi ni zuri. Uliza kwanza: farasi huyu anakingwa na nini?

Tuanze na baridi. Farasi ana blanketi lake la asili. Anapohisi baridi, manyoya yake husimama na kunasa hewa, nayo hewa hiyo iliyotulia huzuia joto la mwili lisipotee. Ndiyo maana farasi mzima, mwenye afya na manyoya makavu, hustahimili nyuzijoto 5 hivi bila kuvishwa chochote. Sasa piga hesabu. Moshi mjini ni mita 800 hivi kutoka usawa wa bahari, na kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Tuseme alfajiri ya Julai Moshi ina nyuzijoto 16. Kwenye mwinuko wa mita 1,800 zitabaki 9.5. Farasi mkavu bado yuko salama.

Mvua ni jambo jingine. Manyoya yakiloa hulala, hewa iliyonaswa hutoka, na upepo humalizia kazi. Hivyo wakati wa masika, farasi anayeshinda nje anahitaji blanketi lisilopitisha maji, lakini linaloruhusu mvuke wa jasho kutoka. Si lazima liwe zito. Punda ana shida zaidi, kwa kuwa manyoya yake hayazuii maji vizuri kama ya farasi, usimnyime paa.

Bandani hakunyeshi, hivyo blanketi la bandani halikutengenezwa kuzuia maji. Ukimtoa farasi nje nalo, litanyonya mvua na kumganda mwilini. Bandani kwenyewe, wanaolihitaji zaidi ni farasi mzee, mgonjwa, aliyekonda au aliyenyolewa manyoya.

Adui wa tatu ni wadudu, hasa maeneo ya chini yenye joto. Visubi hueneza ugonjwa wa farasi unaoweza kumuua kwa siku chache, nao huuma zaidi kati ya machweo na alfajiri. Hapo linalofaa ni shuka jepesi la wavu wenye matundu madogo sana, hata akiwa bandani. Shuka hilo husaidia tu. Chanjo inabaki palepale. Blanketi zito katika joto hilo litamtoa jasho bure.

Hatimaye, usiamini macho peke yake. Pitisha mkono chini ya blanketi, nyuma ya bega. Pakiwa na joto na pakavu, umechagua vyema. Pakiwa na jasho, livue. Kagua pia kifua na mabega, kwani blanketi linalobana huchubua ngozi.

Maswali

1. Eleza jinsi manyoya ya farasi yanavyohifadhi joto.
2. Kwa nini farasi aliyeloa huhisi baridi kuliko farasi mkavu, ingawa wako mahali pamoja?
3. Taja tofauti moja kati ya blanketi la nje na la bandani, na hasara ya kuyabadilishana.
4. Mwandishi ana maana gani anaposema "chanjo inabaki palepale"?
5. Fupisha kifungu hiki kwa maneno yasiyozidi 80.

Dokezo kwa mtahiniwa: Swali la 2 linadai sababu. Ukiandika "kwa sababu ameloa" umerudia swali tu, na hutapata alama. Eleza kinachotokea kwa ile hewa. Katika swali la 5, bakiza maadui watatu na kinga ya kila mmoja. Mifano na hesabu viache.