Kijana Wetu Akifika Mji wa Watu, Nani Ampokee?

Kwetu sisi tulio mwambao wa Ziwa Tanganyika, neno ng'ambo lina maana ya karibu. Ng'ambo ni Kongo, ambako milima yake huonekana kwa macho matupu siku ya anga safi. Ndugu zetu wa Unguja nao wana Ng'ambo yao, upande wa pili wa Darajani, ambayo tangu ule mkono wa bahari ufukiwe haihitaji hata mtumbwi. Lakini siku hizi, hapa Rusimbi, ukisikia kwamba mtoto wa fulani anakwenda ng'ambo kusoma, usitazame ziwani. Huenda safari yake ni ya Guangzhou, Algiers, Moscow, Budapest au Pune; na wazee wake, ambao wanaijua Kalemie, Uvira na Bujumbura kama wanavyoijua Ujiji, hawana hata mtu mmoja wa kumwuliza mji huo ukoje na watu wake wakoje.

Suala la nani anapata nafasi ya kusoma nje, na kwa njia gani, limekwisha kuzungumzwa sana, na litaendelea kuzungumzwa. Sisi leo tunauliza linalofuata baada ya hapo. Kijana akishateremka katika mji asiomjua mtu, na begi lake mkononi, nani ampokee?

Wazee walisema mgeni ni kuku mweupe, yaani haonekani kwa bahati bali huonekana na kila mtu. Watu wa mkoa huu hawana haja ya kufafanuliwa usemi huo. Anayeteremka Kigoma kwa boti kutoka upande wa pili aghalabu hakosi wa kwake: kama si ndugu ni mtu wa kabila lake, na kama si wa kabila ni mtu wa msikiti au wa kanisa lake. Mkoa huu uliwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na tangu mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imewahifadhi Wakongo kwa maelfu. Tunaijua vema tofauti iliyopo baina ya mgeni mwenye mwenyeji na mgeni asiye naye. Ajabu ni kwamba ujuzi huu wote tunautumia kwa wanaokuja kwetu, lakini kwa watoto wetu wanaokwenda kwa watu tunaona yatosha kuwafungia dagaa, kuwaombea dua na kuwasindikiza stesheni.

Jambo lenyewe si geni. Katika miaka ya 1890 Amur bin Nasur, mtu wa Unguja, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki, na habari alizoandika juu ya mji ule zimo katika kitabu cha Safari za Wasuaheli kilichochapishwa mwaka 1901. Mwaka 1900 akafuata Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani ya Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo nguzo ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli cha mwaka 1903. Huyu alikuwa msomi. Hata hivyo wanafunzi wake, ambao wengi wao walikuwa wakiandaliwa kwenda kutawala makoloni, walikataa kumpa heshima ya mwalimu kwa kuwa alikuwa mtu mweusi. Mwaka 1904 alioa mke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata, aliposafiri naye kurudi nyumbani, wakubwa wa koloni hawakuwaruhusu kushuka pamoja pwani, na ikambidi arudi Ujerumani, ambako alifariki mwaka 1927. Elimu alikuwa nayo, lugha alikuwa nayo, na hata mji ule aliuzoea. Alichokosa ni dola ya kwake ambayo angeweza kwenda kugonga mlango wake na kusema, mimi ni mtu wenu, nimeonewa.

Dola hiyo sasa tunayo, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu kwa viongozi. Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa Edinburgh, kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, alisoma chini ya bendera ya wengine. Kijana wa leo anasoma chini ya bendera yake mwenyewe. Lakini bendera haimpokei mtu kiwanja cha ndege. Lazima awepo mtu.

Tuziangalie zile siku za mwanzo, maana wengi hudhani kwamba kinachowashinda vijana wetu ni masomo. Kwa maoni yetu, masomo huja baadaye. Kwanza huja mambo madogomadogo. Kule Ujerumani, kwa mfano, mtu akihamia nyumba hutakiwa kujiandikisha katika ofisi ya mji ndani ya wiki 2, na ofisi nyingine humdai karatasi hiyo kabla ya kumsikiliza. Bima ya afya ni lazima. Nyama na maziwa kutoka nchi zetu haviruhusiwi kuingizwa katika nchi za Umoja wa Ulaya katika mizigo ya abiria, na mama aliyekausha nyama kwa siku tatu kwa ajili ya mwanawe hana habari kwamba itaishia katika pipa la forodha. Kisha linakuja giza. Hapa Kigoma jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima. Berlin mwezi wa Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri. Kijana ambaye hakuambiwa hudhani kwamba ni yeye mwenyewe aliyepungukiwa na kitu, kwa kuwa hana hamu ya chakula wala ya watu.

Lugha tunaiogopa kuliko inavyostahili. Anayekwenda Urusi kusoma kwa Kirusi huanza kwa mwaka mzima wa matayarisho ya lugha, na nchi nyingine zina utaratibu kama huo. Mtoto wa Rusimbi aliyelelewa kwa Kiha nyumbani, akacheza kwa Kiswahili mtaani, akafundishwa kwa Kiingereza darasani, na Kifaransa akakisikia kwa wafanyabiashara wa Bujumbura, hana sababu ya kuitetemekea lugha ya tano. Bali aambiwe mapema kwamba mwaka huo upo, ili yeye na wazazi wake wasiuhesabu kuwa ni mwaka wa kufeli. Meli yetu ya Liemba iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikavunjwa vipande, ikaletwa hapa ndani ya masanduku kwa maelfu, na haikuingia ziwani hadi mwaka 1915. Ikiwa chuma kilihitaji muda wote huo kuungwa upya ugenini, mwanadamu naye apewe miezi yake.

Fedha ndiyo inayoumiza zaidi. Tangu Septemba 2024, mwanafunzi anayejigharimia aombapo viza ya Ujerumani hutakiwa kuonyesha akiba ya euro 11,904 kwa mwaka mmoja, fedha ambayo mvuvi wa Kibirizi hapati kuishika kwa pamoja. Basi wazazi huuza kiwanja, hukopa kwa jamaa, na yanayobaki huahidi kuyatuma kidogokidogo. Lakini riziki ya huku ina majira yake. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Hatulaumu hatua hiyo, kwani ziwa lililochoka halimsomeshi mtu. Ila mwenye mtoto chuoni anajua maana ya miezi mitatu bila ngalawa majini, na anajua pia kwamba mwenye nyumba wa mji ule hafahamu migebuka ni nini.

Na kuna upande wa pili wa fedha ambao hausemwi hadharani. Kijana hajamaliza mwezi, tayari simu zinaanza: huyu anaomba ada ya mdogo wake, yule anaomba bati. Watu huamini kwamba aliyekwisha kufika huko amekwisha kupata. Naye kwa kuona haya hujibu, "Mzima tu, mama, kila kitu kizuri," akajinyima chakula ili atume, au akatafuta vibarua vya usiku vinavyomlaza darasani mchana. Wako walioharibikiwa kwa namna hii, na nyumbani hawakujua ila siku ya kurudi bila cheti. Jambo hili halihitaji bajeti ya Serikali. Linahitaji ukoo ukae na kumwambia kijana kabla hajaondoka: kwa miaka hii yote hatutakuomba kitu, na wewe ukishindwa tuambie.

Tuje kwenye hatari yenyewe. Februari 2022 vita vilipozuka nchini Ukraine, wanafunzi wa Kitanzania walikuwa katika mji wa Sumy, karibu na mpaka wa Urusi, na Tanzania haikuwa na ubalozi Kyiv. Walikaa katika mabweni na mahandaki hadi njia ilipofunguliwa mwezi wa Machi, wakatolewa pamoja na wanafunzi wa mataifa mengine. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Aprili, vita vikazuka Khartoum, mji ambao vijana wengi wa Visiwani wameuendea kwa elimu miaka mingi. Serikali iliwatoa Watanzania zaidi ya 200 kwa njia ya Ethiopia, wengi wao wakiwa wanafunzi, na mwishoni mwa mwezi huohuo walitua Dar es Salaam. Tunaipongeza Serikali kwa kazi hiyo, na pongezi hizo si za adabu tu. Lakini tujiulize: afisa wa ubalozi atamtafutaje mtu ambaye hajui kwamba yupo? Mwanafunzi ambaye jina lake, mtaa wake na namba yake ya simu havimo katika daftari la ubalozi, siku ya mabomu ni sawa na asiye na nchi.

Mambo ya Nchi za Nje ni mambo ya Muungano, na Elimu ya Juu vivyo hivyo. Kijana wa Micheweni na kijana wa Rusimbi wanagonga mlango uleule. Kwa hiyo tunayaomba haya kwa pamoja.

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma nje, na husajili mawakala wanaowatafutia vijana vyuo. Hatua hiyo ni nzuri, na mzazi asimlipe wakala yeyote kabla ya kuhakikisha kwamba jina lake limo katika orodha ya Tume. Sisi tunaona kwamba karatasi hiyohiyo ingeweza kufanya kazi ya pili: nakala ya habari zake iende moja kwa moja katika ubalozi unaohusika, ili kijana awe ameandikwa kabla hajafika. Ubalozi nao uwape habari viongozi wa umoja wa wanafunzi wa Kitanzania katika mji ule, na mmoja wao aende kumlaki. Wanafunzi hawa hupokeana wenyewe kwa wenyewe kila wanapopata habari. Tatizo ni kwamba habari huwafikia kwa kubahatisha.

Kwa upande wa Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ombi letu ni dogo zaidi. Wapo miongoni mwetu, na wapo Unguja na Pemba, watu waliosoma Moscow, Havana, Beijing na Cairo katika miaka ya nyuma, ambao sasa wamestaafu. Wanajua baridi ni nini, wanajua namna ya kukaa na mtu anayekudharau bila kumpiga wala kumwinamia. Hakuna anayewauliza. Maofisa wa elimu wawaite mwezi wa Agosti, siku moja tu, wakae na vijana wanaoondoka pamoja na wazazi wao. Kata nazo ziandike majina: nani kaenda, mji gani, namba gani ya simu, na nani nyumbani wa kupewa habari. Kwa Rusimbi orodha ya kwanza haitajaza daftari moja la shule, na mtendaji wa kata anaweza kuianza wiki hii.