Fahamu: Mashine gani huondoa theluji nzito kwenye barabara binafsi ya mlimani?

Karibu na Donner Pass, katika milima ya Sierra Nevada, California, theluji ya msimu wa 2022–2023 ilizidi jumla ya mita 18. Serikali husafisha barabara za umma. Barabara binafsi ni mzigo wa wenye nyumba.

Uzito kwanza

Theluji mpya iliyo kavu huweza kuwa na chini ya kilo 100 kwa mita ya ujazo. Ikilowa na kushindiliwa, hupita 300. Mashine iliyotosha Januari inaweza kukwama Machi.

Kusukuma au kurusha?

Bamba linalofungwa mbele ya pikapu hufanya kazi haraka, ila huhitaji mahali pa kuisukumia theluji. Ikilundikana kando huganda, na kila dhoruba huiacha barabara nyembamba zaidi. Kwenye korongo lenye kona, hapo ndipo wengi hunasa.

Mashine ya kurusha humega theluji kwa parafujo kubwa, kisha feni huitupa mbali kupitia bomba. Ni ya polepole, na haipatani na changarawe: inyanyuliwe kidogo kutoka ardhini. Ina pini laini zinazokatika makusudi ili kuokoa gia, hivyo za akiba ni lazima.

Kwa barabara ndefu yenye mwinuko, trekta inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, yenye minyororo na kirushio cha theluji, ndiyo chaguo la maana, japo bei yake si mchezo.

Bomba likiziba

Zima injini, tumia kijiti. Kamwe usiingize mkono. Parafujo iliyobanwa inaweza kuzunguka ghafla hata injini ikiwa imezimwa.